Mzee Rudia Aliyeukataa Ushindi wa Mzizi wa Kichina

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mzee Rudia anavua koti jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya dawa za mitishamba. Wasomi ndio walioombwa kwanza kuandika habari zake, na kila mmoja akasema ana kazi nyingi. Basi nimeandika mimi ninayechemsha dawa ghorofa ya chini. Shule niliiachia darasa la nne, lakini miaka kumi na tisa nimemwona mtu huyu kila siku, na macho hayahitaji cheti.

Alianza kwa kuosha chupa, akapanda hadi fundi mkuu wa maabara. Jina la Rudia tulimpa sisi. Akipima kitu anaandika, kisha anakipima tena, kisha anakuita nawe upime. Dereva wetu aliwahi kusimamishwa mlangoni akiwa na kifurushi cha posta mpaka kipimwe mara tatu, posta ikafungwa. Kasoro anazo pia, tusidanganyane: vikombe vyake vya chai nimeviokota kwenye kila dirisha la jengo hili, na hajawahi kuona aibu.

Kazi iliyomletea sifa ni ya mzizi wa Kichina. Jina lake silitaji, maana nawajua nyinyi: kesho mtakuwa sokoni mnanunua kila kijiti. Wachina wanauchemsha tangu zamani kwa maumivu ya magoti, na mkuu wa maabara, bosi wetu sote, alitaka kujua kama unasaidia kweli au ni maneno ya mabibi. Mabibi nao husema kweli, lakini tuendelee.

Wakatafutwa watu mia mbili na arobaini wenye magoti mabovu. Nusu walipewa maji ya mzizi, nusu maji ya kuigiza: rangi ileile, chupa ileile, ila mzizi hamna. Mimi nilichemsha, mwingine akabandika namba, na orodha ya nani anakunywa nini ikafungiwa kwenye bahasha, ili mgonjwa asijue wala anayempima asijue.

Baada ya miaka miwili bahasha ikafunguliwa. Waliokunywa mzizi walikuwa wamewaacha wenzao mbali sana. Mkuu akaagiza keki na bango. Tulishukuru, kwa sababu idara yetu ingefungwa mwisho wa mwaka kama haina jibu, na watu wanane tungerudi nyumbani.

Juma hilohilo wagonjwa walikuwa ukumbini wakirudisha chupa za mwisho. Mama mmoja, fundi cherehani mstaafu, akawa anamcheka jirani yake: yako tamu, shoga, wewe umepewa sharubati, yangu mimi inakwaruza koo. Mzee Rudia akasikia. Alishuka kwangu mbio akaniomba nionje sufuria zote mbili. Nikamwambia ukweli, moja ni gome la mti, nyingine ni kinywaji cha watoto. Nikamgombeza pia, maana miaka miwili nachemsha na hakuna msomi aliyewahi kuniuliza ladha.

Hapo wengi tungenyamaza. Mimi mwenyewe nilimshauri anyamaze. Nina wajukuu saba wanaonitegemea, na sioni haya kulisema. Alipanda ngazi akaingia mkutanoni, keki ikiwa mezani, akasema mbele ya wote: “Mkuu, kwa ladha tu wagonjwa walijua wanakunywa nini, na anayejua amepewa dawa hujiona amepata nafuu. Kilichoshinda hapa ni ulimi. Mzizi hatujaupima bado.”

Mkuu alimwuliza kama anajua anaifunga idara. Akasema anajua, ila kama mzizi ni wa kweli utashinda tena. Siku tisa hawakusalimiana. Mafundi walihama meza yake wakati wa chakula, na mimi nilimpelekea chai bila sukari, makusudi. Siku ya kumi mkuu, ambaye naye ni mtu mzima, akaenda mwenyewe kwa wafadhili akalitaja kosa. Tukapewa miaka miwili mingine, na tukaambiwa hakuna nafasi ya tatu.

Sasa ikabidi maji ya kuigiza yawe machungu. Wiki kumi na moja nilichemsha na Mzee Rudia: maganda ya machungwa, kahawa iliyoungua, majani ambayo mbuzi angeyasusa. Kila Alhamisi aliwaita wafanyakazi wote waonje vikombe viwili na kuchagua chenye mzizi. Mlinzi wa getini aliapa kwamba yeye hadanganyiki, akakosea mara nne kati ya tano, na hadi leo anasema alikuwa na mafua. Siku waliopatia na waliokosea walipokaribia kulingana, kama watu wanaorusha sarafu, Mzee Rudia alisema sasa tunaweza kuanza.

Wakatafutwa wagonjwa wengine mia mbili na arobaini, na muda ulipokwisha bahasha ya pili ilifunguliwa saa nne asubuhi, chumba kimejaa hadi koridoni. Binti wa takwimu alisoma polepole. Kati ya watu mia na ishirini waliokunywa mzizi, sabini na mmoja walipanda ngazi kwa maumivu pungufu. Kwa maji ya kuigiza, arobaini na watatu. Pengo lilikuwa dogo kuliko la kwanza, lakini hili lilikuwa la mzizi wenyewe. Wengine walipiga meza, mkuu alimkumbatia Mzee Rudia mpaka miwani ikaanguka, na mimi nililia, naandika hivyohivyo. Yeye akamkumbusha binti aandike pia kwamba kwa usingizi mzizi haukusaidia kitu, ingawa wauzaji husema unasaidia.

Tangu hapo maabara mbili za nchi nyingine zimejaribu zenyewe na kupata jibu kama letu. Idara haikufungwa, ina watu kumi na wanne. Husemwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu hakumsikia mkuu, na magoti ya watu yakapata nafuu.

Mzee Rudia, tunakushukuru, na mimi nakuomba radhi kwa chai ile. Wako watu leo wanaopanda ngazi za nyumba zao bila kushika ukuta, na hawakujui. Sisi tunakujua. Nenda salama, baba. Uzee wako uwe mwepesi, mkeo akuvumilie, na asubuhi zako zisiwe na kengele.