Shangazi wa Mashine ya Maji Anatuaga, Tanuri Linakodoa Macho

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa alasiri, Shangazi atavua buti zake za mpira, atazigeuza maji yatoke, na kuziegemeza ukutani kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa, miezi minne na siku kumi na moja katika yadi yetu ya vyuma chakavu. Ofisi imetangaza kwamba anastaafu kwa mujibu wa umri. Tumefurahi kujua kuna jambo ambalo ofisi imelifanya kwa wakati wake.

Jina lake halisi limo kwenye faili. Mara ya mwisho lilipotamkwa hadharani, yeye mwenyewe aligeuka kutazama nani anaitwa. Aliyetuletea jina la Shangazi ni mchomeleaji wetu, mtoto wa kaka yake, aliyeajiriwa mwaka mmoja kabla yake. Mchomeleaji alipoita “Shangazi!”, yadi nzima ikaudandia ukoo. Hata meneja, anayemzidi cheo kwa ngazi nne, humwita Shangazi, naye humwitikia “mwanangu.” Huo ndio uhusiano pekee hapa kazini ambao haujawahi kuhitaji waraka.

Alianzia banda la kuchagulia, pale wanawake wanapokaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wakitenga nyaya nene na nyembamba. Kwa wageni watakaosoma jarida hili la wafanyakazi, tueleze: shaba iko ndani, ganda la plastiki au mpira liko nje, na mnunuzi anataka ya ndani. Njia yetu ya kuachanisha hivyo viwili ilikuwa ni kutupa rundo zima ndani ya tanuri na kutia moto. Ofisi iliita shughuli hiyo “mchakato wa joto.” Moshi wake ulikuwa mweusi tii, mzito, wenye ladha, tulikula nao chakula cha mchana na tukalala nao kwenye nywele. Banda la wachaguaji lilijengwa kule unakoelekea upepo, na ofisi ikajengwa kule unakotoka. Wanaosema uongozi wetu haujui kupanga mambo ya muda mrefu wanauonea.

Mchomeleaji alipangiwa zamu za tanuri kwa miaka sita. Leo ofisi yetu ina ngazi nne tu, naye hupumzika baada ya ya pili. Kifua chake kinapiga mluzi kama birika. Daktari alimwambia asisogelee moshi tena maisha yake yote, na ofisi, kwa huruma iliyopitiliza, ikampa kitambaa cha kufunga puani. Shangazi alikiangalia kile kitambaa mbele na nyuma, akauliza, “Hiki ni cha kuzuia moshi au cha kufutia machozi?” Swali lile bado linafanyiwa kazi.

Mashine ya maji haikuzaliwa kwenye semina, ingawa semina tumefanya kumi na mbili. Ilizaliwa kwa kosa la dereva. Miaka kumi na moja iliyopita dereva wetu wa lori alikuwa akiosha gari kwa bomba la presha, akakaribisha mdomo wa bomba mno kwenye waya wa betri, na maji yakauvua ganda. Lori likagoma kuwaka. Dereva akapewa barua ya onyo. Shangazi akaokota waya. Aliupitisha kidoleni akakuta ganda limepasuka kama ganda la njugu na shaba inang’aa, haina hata mkwaruzo. Wote wawili walitendewa haki: dereva alipata karatasi, Shangazi akapata wazo.

Wiki chache baadaye ililetwa yadini pampu kubwa ya karakana ya kukatia mawe iliyokuwa imefungwa. Ililetwa ikatwekatwe, iuzwe kwa uzito. Shangazi aliikalia. Hatusemi kwa mafumbo. Alipanda juu yake akakaa, akafungua chakula chake. Mkata vyuma alipomwambia, “Shangazi, shuka basi, nina kazi,” alimjibu, “Kata kwanza hizo nyingine, hii nimeiposa.” Kwa miezi minne, yeye na mchomeleaji waliunganisha pampu, birika la chuma la kuwekea maji, magurudumu ya kuvutia waya, na nozeli, yaani kile kidude cha chuma kigumu chenye tundu jembamba kuliko la sindano. Maji yakibanwa kupita pale hutoka kama wembe. Waya unapita chini yake, ganda linapasuka kwa urefu, linavuliwa kama soksi. Hakuna moshi. Plastiki inabaki safi, shaba inabaki nyekundu, na maji yanachujwa yanarudi kazini, tofauti na baadhi ya maofisa wakitoka semina.

Meneja alipinga papo hapo kwa hoja ya kitaalamu: “Shangazi, maji na umeme haviendi pamoja.” Shangazi akamtazama kwa upole, kama mtu anayetazama shati lililovaliwa kinyume. “Mwanangu, nyaya hizi zilikatwa umeme zamani. Wewe tu ndiye bado unapigwa shoti.” Ikaundwa kamati ya watu saba. Sita kati yao hawakuwa wamewahi kushika waya isipokuwa wa chaja. Walikaa miezi kumi na minne, wakapendekeza iundwe kamati ndogo. Wakati huo wote mashine ilikuwa inafanya kazi nyuma ya banda. Ripoti ilipotoka ikisema jambo hilo “huenda likawezekana siku za usoni,” tani thelathini na nane zilikuwa zimekwisha kuvuliwa.

Baada ya hapo, kama kawaida ya mambo yaliyofanikiwa, mashine ikapata baba. Ukutani mwa ofisi kuna picha ya meneja, kofia ngumu ya njano isiyo na doa, mkono juu ya pampu. Ukiitazama vizuri, upande wa kushoto utaona kiwiko. Hicho ndicho kiwiko cha Shangazi. Wageni wakija, meneja huwaeleza teknolojia yetu huku akionyesha kwa kidole bomba la maji machafu. Wahenga walisema mgema akisifiwa hulitia tembo maji. Wa kwetu hakusifiwa hata mara moja, na maji aliyatia mahali pake.

Tusimfanye malaika. Shangazi ni mkali. Pampu ikiwaka, hakuna kuongea. Ni ishara za mikono tu, na aliyethubutu kusimulia mpira wa jana aliambiwa akaumalizie nje. Waya unalishwa kwa koleo la mti, kamwe si kwa mkono. Kila mgeni wa kazi alionyeshwa soli ya buti kuukuu ikiwekwa mbele ya maji na kukatika vipande viwili kabla hajapepesa jicho. Soli hizo zimetundikwa kwenye misumari, na chini ya kila moja Shangazi ameandika kwa chaki: Huyu alikuwa na haraka. “Maji haya hayajui ukoo,” alikuwa akisema, na mpwa wake alifokewa kuliko wote. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyepoteza kidole kwenye mashine ile. Ofisini, katika kipindi hicho hicho, watatu waliumizwa na viti vya kuzunguka.

Mwaka juzi nozeli ilichakaa. Mchanga kwenye maji huila, tundu linapanuka, nguvu inapungua. Shangazi aliandika barua akiomba mpya itolewe stoo. Afisa manunuzi, msomi anayejiheshimu, akaona hapana: tundu likipanuka si maji mengi zaidi yatapita? Na maji mengi si nguvu nyingi? Hakuishia kufikiri. Alizichukua nozeli zote tatu za akiba akazipeleka kwa fundi mchonga vyuma zitobolewe hadi unene wa penseli. Fundi alimwuliza, “Bosi, una uhakika?” Akajibiwa, “Wewe toboa, fizikia niachie mimi.” Kwa siku mbili nyaya zetu zilioga. Zilitoka upande wa pili zikiwa na maganda yao yote, zimetakata, zinanukia usafi. Ripoti ya wiki ikaandika kwamba ubora wa usafi umepanda.

Tungecheka mpaka leo, lakini siku ya tatu ofisi iliagiza tanuri liwashwe “kwa muda” huku nozeli zikisubiriwa. Muda huo ulikuwa siku nne. Siku ya pili ya moto Mama Pacha, mchaguaji mkuu, alipoteza sauti, na mwanamke yule akinyamaza ujue kuna msiba. Siku ya tatu wachaguaji wawili walitapika. Siku ya nne mchomeleaji, aliyekuwa upande wa pili wa yadi na hakusogelea moto hata hatua moja, alibebwa kwenye kitoroli cha nyaya hadi barabarani, akapelekwa hospitali, akalazwa siku tisa. Shangazi alikwenda naye na buti zake za mpira. Aliporudi hakumgombeza mtu. Alikwenda ofisini akasema sentensi moja: “Nikiondoka mimi, mtaliwasha tena.”

Kuanzia siku hiyo aliandika barua tano akiomba afundishwe mtu wa kumrithi. Tano. Majibu matano yalikuja yamepigwa muhuri vizuri, yote yakisema suala lake linashughulikiwa. Shangazi akaacha kuandika. Tulidhani amechoka, kumbe amehama ofisi. Kila siku saa ya chakula, kwa mwaka mmoja na nusu, alikuwa nyuma ya banda na wachaguaji, wawili wawili, wakila kwa zamu na kujifunza kwa zamu. Mtihani wake ulikuwa mmoja. Unavua waya wa unene wa kalamu mwanzo mpaka mwisho, kisha anapitisha soksi ya nailoni juu ya shaba. Uzi mmoja ukinasa, umeikwaruza shaba, umefeli, rudi nyuma ya foleni. Wachaguaji tisa wamefaulu. Mtunza stoo, aliyejiunga kwa majivuno, alifeli mara sita, na soksi za mkewe zikaisha. Alifaulu mara ya saba kwa soksi ya mama mkwe, ambayo tunaambiwa haikuombwa.

Jumanne ya wiki hii ubao wa matangazo ulipata waraka: kufuatia kustaafu kwa mtumishi, mashine ya maji “itapumzishwa,” na mchakato wa joto utarejea kwa muda kuanzia Jumatatu, kwa kuwa hakuna mwenye ujuzi wa kuiendesha. Angalieni upendo ulivyo hapa. Mtu amehudumu miaka ishirini na tisa, na zawadi yake ya kuagwa ni moshi.

Jumatano asubuhi wachaguaji wote tisa walipanda ngazi nne za ofisi, Mama Pacha mbele, waya uliovuliwa mkono mmoja na soksi mkono wa pili. Meneja aliuliza nani kawafundisha na kwa kibali cha nani. “Kwa kibali cha pua zetu,” alisema Mama Pacha. Meneja akaeleza kwamba mashine ile ni hatari, nao hawana vyeti. Hapo Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni maana buti zake zilikuwa zinachuruzika, akasema taratibu, “Na changu kiko wapi, mwanangu? Miaka kumi na moja unawaonyesha wageni mashine yangu.” Meneja aliomba muda wa kushauriana. Mpaka jarida hili linakwenda kupigwa chapa, anaendelea kushauriana, na waraka uko ubaoni.

Basi, kwa kuwa ofisi hupenda kupata taarifa mapema, nasi tunaitoa. Jumatatu saa moja asubuhi Mama Pacha atakuwa kwenye pampu. Nyaya za wiki nzima zimekwisha kupangwa kando ya birika, nyingine tumezikalia, tumejifunza kwa mwenyewe. Nozeli mpya imefungwa, na ya akiba iko mahali ambapo afisa manunuzi hapafahamu. Mchoma tanuri, aliyekaa miaka kumi na saba kwenye moto kabla ya mashine kuja, ameomba ahamishiwe kwenye chujio la maji, na sisi tumemkubalia kabla hajajibiwa. Katika yadi hii hakuna mkono hata mmoja utakaobeba waya kwenda tanurini. Atakayetaka kuchoma atanunua kiberiti mwenyewe, atabeba nyaya mwenyewe, na kiti chake cha kuzunguka atakiweka upande unakoelekea upepo.

Shangazi, asante. Asante kwa tani ambazo hazikuchomwa, kwa vidole vilivyobaki kumi kumi, kwa ukali wako, na kwa mpwa wako ambaye Ijumaa ndiye atakayesoma maneno haya mbele ya watu kwa pumzi zake mwenyewe. Akisimama katikati kuvuta hewa, tunaomba msimpigie makofi, msubirini amalize. Tumesikia unapanga kupita hapa Jumatatu, “kuchungulia tu.” Mlinzi wa geti amekwisha kuagizwa akurudishe. Kazi umetuachia, na tunaijua. Tunakutakia uzee wenye hewa safi na miguu mikavu, na hiyo Jumatatu ulale, mama, ulale mpaka jua lenyewe lichoke kukusubiri.