Maziwa Yasiyo Ndani Wala Nje

Mnanichosha. Nikikaa tu nipumue, mtu ananijia: "Bibi, tupe ile ya maziwa." Ile ya maziwa ina nini cha kusimulia? Watu wazima walikaa kwenye ubao wakabishana mpaka mali ikaharibika, basi. Lakini najua hamtanyamaza mpaka niseme. Haya.

Ubao wenyewe ulikuwa umelazwa juu ya matofali, ng'ambo ya barabara, ukitazamana na geti la kiwanda cha maziwa. Muuza kahawa aliweka birika lake pembeni. Wenyeji wa hapo walikuwa Spana, fundi wa magari. Mzee Faili, karani mstaafu ambaye hajawahi kusikia jambo asilolijua. Na Breki, dereva wa lori la friji, aliyepewa jina hilo siku lori lake lilipokosa breki. Kwenye ncha ya ubao aliketi Mama Komeo, mlinzi wa geti, kakaa kama mtu aliyekalia mwiba. Lori la Breki lilikuwa limesimama ndani ya geti tangu alfajiri, limejaa maziwa, injini inanguruma ili friji isizime. Mfumo wa kompyuta wa kiwanda ulikuwa umekufa, na bila mfumo hapatoki kibali cha geti. Mlinzi aliyemtangulia Mama Komeo alifungua bila kibali mara moja tu. Siku hizi anauza mkaa. Mama Komeo alikuwa na wajukuu wa kulisha, na mkaa hakuutaka.

— Si mrudishe maziwa stoo? akauliza muuza kahawa.

— Stoo wamekataa, akasema Breki. Kwenye mfumo, maziwa yameshatoka stoo.

— Basi ondoka nayo.

— Nitaondokaje? Kwenye mfumo, hayajatoka getini.

— Kwa hiyo yamo ndani au yametoka nje?

— Ndugu yangu, mimi ni dereva.

— Tia dizeli basi, friji iendelee.

— Dizeli nayo inatolewa na mfumo.

Mama Komeo akasonya. Zamani stoo ilikuwa na watu wake, geti na watu wake, mishahara na watu wake. Mmoja akiugua, wengine wanakula. Kisha ukaletwa mfumo mmoja wa kushika vyote, hata sabuni ya chooni. Sasa ukipiga chafya wenyewe, kiwanda kizima kinalala na homa.

— Tatizo si mfumo, Mzee Faili akaanza, na kila mtu akajua asubuhi imekwisha. Tatizo ni kwamba mwenye mfumo kamezwa. Kampuni ya fulana nyekundu imemezwa na kampuni ya fulana za bluu. Lakini haina neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyemezwa anaponea humohumo tumboni.

— Mzee, methali hiyo haihusu tumbo.

— Methali haina mipaka, kijana.

Hizo fulana nazo zilikuwa na habari yake. Mtaa ule, bahati za kampuni za mifumo zilisomwa mgongoni. Alikuwapo wakala wao mmoja, mwanamume wa makamo, aliyeitwa Fulana kwa sababu kila kampuni aliyoichuuzia ilimpa mzigo wa fulana zenye nembo yake akazigawe. Kampuni ikipanda, fulana yake ilivaliwa na meneja. Ikianza kuyumba, ilishuka kwa mfagiaji. Ikikata roho, ilifika gereji, Spana akafutia grisi. Asubuhi hiyo Spana alikuwa anafutia mikono kitambaa chekundu. Mama Komeo alipokiona tu, moyo ukamwambia: leo mfumo hauamki.

— Hawa watu nawajua, Spana akasema. Zamani walikuuzia mfumo, ukawa wako mpaka uufukie. Wakaona hamrudi dukani. Wakaanza kukodisha, mwezi kwa mwezi. Ni sawa na kununua ng'ombe ukakuta kamba ni ya kupanga.

— Mimi nimesikia kompyuta zao ziko chini ya bahari, akasema Breki. Papa kauma waya.

— Papa hajauma kwa akili yake, akasema Spana. Kafundishwa na kampuni ya bluu.

— Papa anafundishika?

— Nyani anaendesha baiskeli kwenye sarakasi, papa ashindwe kuuma waya?

— Wote hamjui, akasema Mzee Faili. Mfumo haujafa. Umenuna. Umesikia umeuzwa. Hata mbuzi, ukishapatana bei mbele yake, siku hiyo hagusi majani. Na ndiyo maana wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Mbuzi na kuoga wapi na wapi?

— Mbuzi hana nguo. Fikiri.

Ndipo Fulana mwenyewe akatokea, kavaa ya bluu, mpya, mikunjo ya pakiti bado imo.

— Shikamoo, mzee. Mama Komeo, habari za geti?

— Marahaba, akasema Mzee Faili.

— Geti lipo, akasema Mama Komeo. Habari unazo wewe.

Fulana akajipatia nafasi kwenye ubao, akaomba kahawa.

— Jamani, nyekundu ilikuwa ife tu. Enzi zake ilikuwa mfalme. Viwanda vilipiga foleni, mabosi walipiga magoti. Wakalewa sifa, wakapandisha bei, simu wakawa hawapokei. Bluu wakaja wanatabasamu, bei ya chini, wakawala wateja mpaka wakamla na mfalme mwenyewe. Kesho na bluu atalewa, atatokea mwingine.

— Na wewe uko upande gani? Breki akamuuliza.

— Upande wa aliyeshiba.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Mzee Faili, akimaanisha chawa. Kwa mara ya kwanza maishani methali yake ilikaa mahali pake, na hakujua.

Fulana akacheka, akapuliza kahawa. Kumbe sifa zilikuwa bado zinamwasha ulimi.

— Mimi jambo halinikuti usingizini. Nilijua tangu mwezi uliopita kwamba leo wanazima.

Mama Komeo akageuza shingo taratibu.

— Ulijua nini, baba?

— Si waliniarifu niwaambie wateja wahame mapema.

— Ukatuambia?

— Mama, biashara hamuijui. Mteja mwenye nafasi anavuta miguu. Akibanwa anasaini. Nilitaka bosi wenu abanwe kidogo tu, anunue wa bluu. Siku moja itamdhuru nini?

— Siku moja ya maziwa ni uzee, akasema Breki.

Hapo lori likakohoa. Likakohoa tena, likanyamaza. Dizeli imekwisha, na friji imekwisha pamoja nayo. Mngedhani watainuka? Thubutu! Spana akaanza kueleza kwamba hata ukimya huo ni mpango wa bluu.

Wakiwa humo, akaja mwanamke kwa miguu, aproni kiunoni, jasho linamtiririka.

— Hamjambo jamani. Mimi mpishi wa hospitali ya watoto. Nauliza tu. Maziwa yako wapi?

Breki akafungua mdomo: "Kwa upande wa stoo..." akaufunga. Spana akatazama kucha zake. Mzee Faili akatafuta methali kama mtu anayepapasa miwani gizani, akatoka mikono mitupu.

— Dada, akasema Fulana, kitaalamu, yako njiani.

— Njia ipi?

Lori lile pale, mbele ya macho yake, ubavuni limechorwa ng'ombe anayecheka, na wanaume wazima wote wale hakuna hata mmoja aliyenyoosha kidole.

Mama Komeo aliwaza wajukuu. Akauwaza na mkaa, vumbi lake kwenye kucha. Kisha akamtazama yule mpishi, aliyekuwa bado anasubiri jibu kama mtu mwenye sufuria motoni.

— Yale pale, mwanangu, akasema, akajifunga kibwebwe. Spana, gereji una dizeli?

— Ninayo ya kuoshea vyuma.

— Hiyohiyo, iliyo safi kiasi, ilete. Breki, kwenye usukani. Na wewe mwenye kitaalamu, vua hayo maringo, lete bega.

Akavuka barabara, akavuta komeo, akalifungua geti lote, mbawa zote mbili, hadharani, ili aliyetaka kumfukuza asiseme hakuona. Lori likasukumwa, likawaka, likaenda. Watoto walikunywa. Ila kreti zilizokuwa karibu na mlango, hizo joto lilishaziwahi.

Mama Komeo aliitwa ofisini. Akapewa onyo kwa kufungua geti, na shukrani kwa kulifungua, vyote kwa mdomo mmoja. Akarudi zake getini.

Kuhusu Fulana, wengine walitaka apelekwe mahakamani. Mwenye kiwanda, mtu asiyecheka, akasema mahakama ni mbali. Fulana alilipia kila kreti iliyochacha, kwa bei ya maziwa mazima, na kigari chake kikaenda humo. Kisha, kwa kuwa mali iliyolipiwa ni ya aliyelipa, Breki akatumwa ampelekee mzigo wake nyumbani. Akaupanga sebuleni mchana wa jua kali, kreti juu ya kreti, mke wa watu kasimama mlangoni kaziba pua. Na Breki hakuondoka mpaka Fulana alipotia saini kwamba amepokea maziwa yote, yakiwa katika hali nzuri.