Ovaroli Niliyokuja Nayo Nyumbani

Wapendwa, nawasalimu. Miguu imechoka, kwa hiyo nitaongea nimeshika meza.

Mimi niliishia darasa la nne. Ufundi niliupata kwa mikono yangu, gereji ya Themi kule mjini, hakuna aliyenibeba. Kiwanda cha serikali nilichoajiriwa baadaye kilipouzwa tukapunguzwa, mkandarasi akatuchukua kusini, kufanya matengenezo ya mitambo ya gesi.

Tukifungua mitungi ya kupozea tunakuta matone yanang'aa, yanakimbiakimbia. Ni zebaki, hutoka ardhini pamoja na gesi. Msimamizi wa usalama akatugawia maski zenye vichujio, akasema ovaroli zinabaki kazini. Nikamwambia pua ya fundi inatosha.

"Mzee, hii haina harufu," akanijibu.

Nikacheka. Kila likizo nilipanda nayo ovaroli huku Meru. Ilikuwa mpya, nilitaka mama watoto na watu wa sokoni wanione nayo.

Mikono ikaanza kutetemeka, fizi zikatoka damu. Siku ya meza ya Bwana nikajimwagia divai. Ndugu zangu, nawaambia bila kuficha, mlisema nimelewa. Wazee wa kanisa wakaja kuniuliza, nikanyamaza. Niliona afadhali niitwe mlevi kuliko kusema nilikataa maski kwa kiburi. Mkanitenga, mimi nisiyeonja hata mbege, pombe yetu ya ndizi.

Asubuhi moja mama watoto ananimiminia chai, ikamwagika. Nikautazama mkono wake. Unatetemeka kama wangu.

Tukashuka hospitali mjini. Daktari akaniuliza kazi, safari hii nikasema yote. Akamgeukia mama watoto.

"Mama, ovaroli nani anafua?"

"Mimi. Naikung'uta kwanza, chumbani, maana nje nimeanika maharage."

Hapo nikaelewa: zebaki niliibeba mwenyewe kwenye ovaroli hadi chumbani kwetu.

Nikawaendea wazee, nikaeleza. Mkanirudisha kundini, nikiwa sina la kujivunia. Mama watoto amepona, anashona nguo tena kama zamani. Mimi mikono mnaiona.

Asanteni mliochimbua sakafu yetu ya udongo iliyoingia zebaki na kutupatia godoro jipya. Daktari, asante. Yule msimamizi nilimwomba radhi kwa barua, mwandiko mbaya, akausoma.

Nyie mnaokwenda kusini, maski iwe ya kuzuia zebaki, ile ya vumbi haisaidii. Mkojo upimwe. Oga, ovaroli iache hukohuko. Ukirudi na shati la kawaida mkeo hatakudharau. Wangu ndivyo alivyoniambia, ila mimi nilichelewa kumuuliza.