Shangazi Aliyeibeba Maabara Begani

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Shangazi atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu katika maabara yetu ya kemia, na siku hiyo ndiyo atastaafu. Aliingia akiwa fundi maabara, kazi yake kuosha chupa na kupima maji. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha vifaa vya kubebeka, kitengo ambacho hakikuwepo mpaka yeye alipokianzisha. Jina la Shangazi lilianzia wapi hakuna anayekumbuka. Hata mkurugenzi wetu wa zamani, aliyemzidi umri, alimwita hivyo hivyo, naye aliitika.

Waliojiunga nasi miaka ya karibuni hawajui kazi ilivyokuwa. Sampuli za maji zililetwa kwa basi, chupa zimefungwa kwa kamba kama mayai. Zilikaa rafuni zikisubiri zamu, kisha zikapimwa kwa mtambo mkubwa uliojaza chumba kizima na kudekezwa kwa kiyoyozi kuliko sisi wafanyakazi. Majibu yalitoka baada ya wiki kadhaa, mtambo ukiwa na afya njema.

Siku moja alikuja mama mmoja, katoka mbali, kufuata majibu ya kisima cha kwao. Shangazi alimsomea kwamba maji yana madini ya risasi, hayafai kunywewa. Yule mama aliikunja karatasi taratibu, akasema, "Mwanangu, haya mngeniambia kabla hatujanywa." Hakugomba wala hakulia. Aliaga, akaondoka. Shangazi anasema maneno yale yalimkaa kifuani yakakataa kutoka.

Hazikupita siku nyingi, akaomba ruhusa ya kusomea shahada ya uzamivu. Alikuwa na watoto watatu na umri ambao wengi wetu huanza kuulizia habari za pensheni. Alichotaka kutafiti kilionekana kichekesho: mtambo ule wa kujaza chumba aupunguze mpaka uingie mkobani, utoe majibu pale pale kisimani, mwenye kisima akiwa amesimama anatazama.

Kwa wasio wa fani yetu, kazi ya kifaa hicho inaelezeka hivi. Ncha ndogo ya kaboni inachovywa majini. Umeme kidogo unayavuta madini yaliyomo, yanaganda kwenye ncha. Kisha umeme unageuzwa, yanabanduka, na kila aina ya madini hubanduka kwa zamu yake. Kwenye skrini unaona mstari unapanda kama kilima. Kilima kikiwa mahali pa risasi, ni risasi. Kikiwa kirefu, ni nyingi. Tumekiona kilima hicho mara nyingi mno, na bado kikiinuka sote huisogelea skrini.

Kukitengeneza kulimtoa jasho. Kifaa cha kwanza kilikuwa kizito kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, na barabara ya vumbi ilikitikisa nyaya zikaachia. Cha pili kilishindwa na joto. Ncha za kaboni ziliharibika upesi, akawa anazihifadhi kwenye friji ya nyumbani, katikati ya nyanya na maziwa. Mumewe, mwalimu wa hesabu na mtu wa utani, alivumilia miezi mingi kabla ya kuuliza, "Mke wangu, hebu nionyeshe, friji ya chakula ni ipi?" Watoto wakakipa kifaa jina la Kitindamimba, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikibebwa kila mahali na kuamka kikidai kuangaliwa. Jina likahamia kazini.

Kitindamimba cha tano ndicho kilichofanya kazi. Kilikaa ndani ya kontena la plastiki la kubebea chakula, kikatumia betri ya tochi, na majibu yake yalikaribiana sana na ya mtambo mkubwa. Tasnifu ilikuwa karibu kwenda kwa watahini. Hapo ndipo daktari wa watoto wa hospitali ya jirani alipopiga simu.

Wodini kwake walikuwa wamelazwa watoto wa mtaa mmoja. Walikuwa na degedege, matumbo yanawauma, damu imepungua, na dawa alizowapa hazikusaidia. Alikuwa amepima damu yao akakuta risasi. Ilikuwa inatoka wapi, hakujua, na kila mtoto aliyepata nafuu alirudi nyumbani kisha akaletwa tena. Mmoja alikuwa ameshafariki.

Shangazi alikibeba Kitindamimba begani akaingia mtaani. Alipima bomba, mapipa, visima. Maji yote yalikuwa safi. Mtu mwingine angeandika ripoti kwamba maji ni salama akarudi kumalizia tasnifu, na msimamizi wake alimshauri afanye hivyo hasa. "Utafiti wako ni wa maji," alimwambia. "Ukianza kupima vitu vingine, mwaka huu humalizi."

"Basi nitamaliza mwakani," akajibu.

Akarudi mtaani, akaomba akae tu jikoni na akina mama, atazame. Akaona uji wa watoto unakamuliwa ndimu na kuachwa kwenye sufuria uchemke polepole. Akaomba sufuria moja, akachemsha ndani yake maji safi yenye ndimu, akachovya ncha. Kilima kikapanda mpaka juu ya skrini. Ndani ya sufuria ya dukani kilima hakikuonekana kabisa. Akapima na za nyumba nyingine: zile zenye sumu zilikuwa nzito, za kusubu, yaani za vyuma chakavu vilivyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na zote zilikuwa za fundi mmoja.

Fundi huyo alikuwa kaka yake.

Tunaliandika hili kwa idhini yao wote wawili. Kaka mwenyewe ndiye aliyesisitiza liandikwe. Baba yao alipofariki, kaka aliacha shule akashika moto wa tanuri la kusubu, ili mdogo wake aendelee kushika kitabu. Kila hatua ya masomo ya Shangazi ilipita kwenye tanuri lile. Angeweza kumtuma mtu mwingine. Alikwenda mwenyewe, akamkuta kaka anachagua vipande vya injini na betri kuukuu kabla ya kuyeyusha.

"Kaka, kinachowaumiza wale watoto ni sufuria."

"Za nani?"

"Zako."

Kaka akauliza, "Hicho kidude chako hakikosei?"

"Hukosea. Ndiyo maana nimepima mara nyingi, na ndiyo maana nimekuja nacho. Pima mwenyewe."

Alimwelekeza kaka achague sufuria yoyote, achemshe, achovye ncha kwa mkono wake. Wakatazama skrini pamoja. Kilima kilipofika juu, kaka aliinuka akazima tanuri. Akachukua mkokoteni, akasema, "Twende tukazichukue."

Wakapita nyumba kwa nyumba, kaka akiusukuma mkokoteni na dada akipima. Kila mlangoni kaka alijieleza mwenyewe. Hakumwachia mdogo wake aseme. Wako waliomtukana, na mmoja alimkunja shati. Wako waliompa maji ya kunywa. Kwenye nyumba iliyofiwa aliingia peke yake, akakaa muda mrefu, na hadi leo hajamwambia mtu walizungumza nini. Daktari wa watoto aliomba sufuria za dukani kutoka hospitalini zikagawiwa. Watoto waliruhusiwa kwenda nyumbani, na safari hii hawakurudishwa wodini.

Tasnifu ikachelewa kweli. Shangazi alitupa sura mbili akaandika upya, sasa kifaa kikipima vyombo pia, si maji peke yake. Siku ya utetezi ukumbi ulijaa, nasi wa maabara tulibanana ukutani. Mtahini mmoja alimuuliza udhaifu mkubwa wa kifaa chake ni upi. Tulitegemea ataje joto au vumbi. Akasema, "Hakijui kuuliza. Kinajibu kile tu ulichokichovya. Nilikiuliza maji, kikasema maji ni safi, na kilisema kweli. Watoto walikuwa bado wanaumwa." Mtahini aliweka kalamu chini.

Tangu hapo, vifaa vilivyozaliwa na kile cha kontena vinapima visima, rangi za madarasa na vumbi la karakana, mikononi mwa wahudumu wa afya ambao Shangazi aliwafundisha mwenyewe, akikaa nao chini kivulini au sakafuni. Mafundi wa kusubu walijifunza kutenga betri na vyuma vya risasi kabla ya kuyeyusha. Mwalimu wao wa kwanza alikuwa kaka. Wanafunzi wa uzamivu waliopita kwenye kitengo chake wanajua swali atakalowauliza kabla ya yote: umekwenda kukaa nao?

Tumefanya kazi pembeni yake miaka yote hii, na bado kuna jambo moja hatujalizoea. Aliyeumwa akapona anamjua wa kumshukuru. Lakini wapo watu wengi, wametawanyika mitaani, ambao hawakuumwa kamwe, na hawana habari kwamba ni kwa sababu yake. Leo wako kazini, shuleni, wanapika, wanagombana na majirani, wanalea. Kwa kuwa wao hawajui, Shangazi, pokea ahsante yao kupitia kwetu. Pumzika sasa. Tunakuombea umri mrefu, mwili wenye nguvu, na nyumba yenye vicheko asubuhi na jioni.