Msimu Mzima wa Kupiga Hewa

Wapendwa, nawasalimu. Mchungaji amenipa dakika kumi, na alivyoniangalia najua haamini kama zitanitosha.

Wengi wenu mnanijua kama yule kijana wa sketi. Haya, chekeni tumalize. Inaitwa kilti, ni vazi la wanaume wa Scotland, nami nililivaa kwa sababu nilikuwa mpiga ngoma katika bendi ya zumari zao, zile zenye mfuko chini ya kwapa. Mama husema zinalia kama mbuzi aliyekanyagwa.

Ngoma nilianzia hapa hapa London, kwenye brigedi ya kanisa, kile kikosi cha vijana wa gwaride, mwaka mmoja tu baada ya kutoka Nakuru. Nilipofika miaka kumi na tisa nikachukuliwa na bendi ya daraja la juu. Mwanzoni mama alikuwa amefoka, "Yaani nimehangaika na shifti za Lewisham, nikakuleta huku, ili uvae sketi?" Lakini nilipochukuliwa, ni yeye aliyesimama hapa mbele akatangaza. Yuko mstari wa tatu, msimwangalie. Picha yangu aliwaonyesha hata wale wazee anaowahudumia.

Niwaeleze kazi yenyewe kidogo. Wapigaji wa ngoma ndogo tulikuwa wanane, lakini jaji anatakiwa asikie ngoma moja. Ngozi ya ngoma hiyo inakazwa mpaka haibonyei tena, kwa hiyo kila pigo linakurudia kwenye kifundo cha mkono. Mwaka mzima mnafanya mazoezi, halafu kiangazi mnapanda basi kwenda Scotland kushindana. Bendi inaingia uwanjani, inasimama duara, inapiga dakika chache, na majaji wanazunguka nje ya duara na karatasi zao. Basi, imekwisha, mnarudi London.

Mkono wangu wa kushoto ulianza kuuma mwezi wa pili. Nikafanya kosa la wapiga ngoma wote: mkono ukiuma, unaongeza mazoezi. Nilipiga kibao cha mpira cha kufanyia mazoezi chumbani mpaka jirani wa chini akagonga dari. Kufika mwezi wa tano nilikuwa siwezi kufungua chupa ya maji.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu kulikuwa na vijana wanne wanaongojea nafasi yangu. Na kwa sababu ya ile picha ya mama.

Siku moja mazoezini maumivu yakanibana katikati ya sehemu ngumu, nikainua fimbo zisiguse ngozi. Mikono iliendelea kucheza, lakini ngoma haikulia. Nilitegemea kusikia kiongozi wetu akisimamisha. Hakusimamisha. Ngoma saba zilinifunika. Ndugu zangu, nawaambia, mtu akishaona uongo umepita mara moja, mara ya pili haombi hata ruhusa.

Tangu mwezi wa sita nilikuwa napiga hewa. Kuna ustadi wake, msidharau. Ukishuka sana unagusa, ukipaa sana unaonekana. Uso lazima ufanye kazi kama wa mtu anayetoka jasho. Nilishiriki mashindano matatu bila kutoa sauti, na mara moja tukashika nafasi ya pili. Nilivaa medali. Mama akaipiga picha.

Mwezi wa nane tukaenda kwenye mashindano makubwa kuliko yote. Mvua ilikuwa imetunyeshea tangu asubuhi, kilti imekuwa nzito kama blanketi. Tukaanza vizuri. Halafu jaji wa ngoma akaja upande wetu wa kushoto, akasimama nyuma yangu, akainama. Nikaona kwa pembeni kwamba ameacha kuandika. Nikaogopa, nikashusha fimbo nikapiga kweli. Mkono haukuwa na mbio tena. Mapigo manne, yote yamechelewa, yalisikika kama kijiko kinachoanguka watu wakiwa kwenye maombi.

Tukawa wa mwisho. Kwenye maegesho ya mabasi kiongozi akasoma karatasi ya jaji: mpigaji mmoja upande wa kushoto alichelewa. Upande huo tulikuwa wawili tu, mimi na msichana wa miaka kumi na saba. Ulikuwa msimu wake wa kwanza. Kiongozi akauliza, "Ni nani?" Kabla sijameza mate, yule msichana akasema, "Labda ni mimi. Samahani sana."

Nikaangalia viatu vyangu.

Hakuna aliyemtukana. Lakini safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu njia nzima. Mimi nilikaa viti viwili nyuma yake, nikajifanya nimelala. Baada ya wiki mbili alirudisha ngoma, akaacha bendi.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikiri kwa hiari. La. Jumanne iliyofuata kiongozi alitaka kila mmoja apige peke yake, apange upya mstari baada ya msichana kuondoka. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa na uongo tayari, kwamba nimeteguka mkono asubuhi nikishuka kwenye treni. Nikafungua mdomo, na kitu kilichotoka ni hiki: "Ni mimi niliyechelewa. Sijapiga ngoma tangu mwezi wa sita."

Kiongozi akasema, "Acha ngoma hapo mezani." Nikarudi nyumbani Thornton Heath na begi tupu, nikamwambia mama nimepewa likizo.

Likizo hiyo ilichukua miezi saba. Nilikuja ibada nikakaa nyuma, nikatoka kabla ya chai. Nilijichukia, sina namna nyingine ya kulisema. Mama alijua kuna jambo, akawa anapita mlangoni kwangu akisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," kama vile anaongea na sufuria zake.

Jumapili moja nikachelewa kutoka, nikaambiwa nibebe birika. Dada mmoja muuguzi wa hapa aliniona nimelishika kwa mikono miwili. "Wewe, huo mkono una nini?" Nikasema hauna kitu. Akasema, "Nipe basi hilo birika kwa mkono mmoja." Sikuweza. Nikalia, mbele ya akina mama na mandazi yao. Nikamweleza yote, na jioni hiyo nikamweleza mama. Mama akaiondoa ile picha yangu ukutani. Asubuhi akanipeleka kwa daktari.

Matibabu yalichukua mwaka na zaidi: bandeji ngumu, kisha mazoezi ya kukunja vidole kama mtoto. Sasa napiga katika bendi ndogo, daraja la chini kabisa, katikati ya watoto wa miaka kumi. Huwa hatushindi. Lakini ngoma yangu inalia.

Namshukuru yule dada muuguzi. Namshukuru mama. Namshukuru hata kiongozi aliyenifukuza, maana angenihurumia ningetafuta uongo mwingine. Na ninyi mnaofunga viuno vinavyouma kwa mishipi mkaenda shifti mkisema mko sawa, semeni mnapoumia, kwa sababu mzigo mnaouficha huwa unamwangukia mtu mwingine.

Wangu ulimwangukia yule msichana, na nilimwandikia barua tatu. Hakujibu. Ya nne nilimwambia kwamba leo nitasimama hapa. Ameketi karibu na mlango, mwenye koti la kijani, na nasikia hajashika ngoma tangu aliporudisha ile ya bendi.

Sasa mtaniwia radhi, sehemu iliyobaki nitaisema kwa Kiingereza. Yeye hasikii Kiswahili, na aliyepaswa kuambiwa haya kwanza ni yeye.