Mwenyekiti Asiyependelea Wanawe: Mzee Shomari Kibwana wa Kwamlonge

Mzee Shomari Kibwana, tunayemzika leo hapa Dubai, alizaliwa mwaka 1938 wilayani Handeni, Tanzania. Alisoma madrasa, kisha shule hadi darasa la nne. Mwaka 1965 alimuoa Mwanaidi Sefu, aliyemtangulia mbele ya haki mwaka 2011.

Kazi yake ilikuwa kijiji. Serikali ilipotaka watu wahamie vijiji vya ujamaa, mwaka 1974, aliezua paa la nyumba yake mwenyewe kabla hajagusa la mtu. Watu wa Kwamlonge wakamchagua mwenyekiti. Alfajiri aligonga kipande cha reli kuwaita watu kazini, na mkewe na wanawe ndio waliotangulia kwenye shamba la pamoja, hata wakiwa na homa.

Mwaka 1977 kijiji kilipata darasa moja, na watoto walizidi nafasi. Mwenyekiti ndiye aliyechagua. Ili asinyooshewe kidole, alimwacha nje binti yake, Mwanatumu, ambaye ndiye aliyeyatoa maneno haya, na mjukuu wa marehemu, Asila, akayaandika. Mwaka uliofuata walitakiwa wa miaka saba tu. Mwanatumu, aliyekwisha kuupita umri huo, akabaki na jembe. Wanakijiji walimsifu baba yake kwa hilo hadi uzeeni.

Mwaka 2012 alikuja kukaa kwa binti huyo, hapa mtaa wa Al Twar, na hakutulia. Alizunguka ghorofa nzima akiuliza balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa majirani, ni nani. Linus, Mkenya anayelinda jengo, akamjibu, "Mzee, huku jirani mwenyewe simjui, huyo balozi nitamjulia wapi?" Wiki ile ile akawaita wapangaji wafagie ngazi. Walikuja wawili. Akawahutubia.

Figo zilimwangusha Februari mwaka huu. Siku moja Mwanatumu akamuuliza kitandani kwa nini alimwacha yeye.

"Ningekuchagua, wangesemaje?"

"Wangesema, baba. Wangesema wakachoka, nami leo ningejua kusoma."

Mzee akageukia ukutani. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Machi 2014.

Ameacha watoto wawili, Mwanatumu na Sultan, na wajukuu watano.

Jana nyumbani, kama ilivyo ada, Sultan aliwaomba waliofika kwamba kila aliyekosewa na marehemu amsamehe. Wakaitikia wamesamehe. Mwanatumu alinyamaza. La jembe amesamehe, na la homa pia. La darasa bado, wala hatasema uongo mbele ya maiti ya baba yake.

Mola atangulie yeye kumsamehe, na amjaalie utulivu ambao duniani hakuujua.