Ndege Niliyokwisha Kuiuza

Fundi Friji: Haloo? Ni nani?

Mama Mapacha: Leo hata mke wako humjui?

Fundi Friji: Mama Mapacha? Nisamehe, kioo cha simu kimepasuka, sioni anayepiga. Hamjambo huko? Watoto wazima?

Mama Mapacha: Wazima. Dada anakusalimu.

Fundi Friji: Msalimie sana shemeji. Mwambie—

Mama Mapacha: Uko wapi?

Fundi Friji: Kazini. Nina friji la mteja hapa, linavuja gesi, yaani toka asubuhi sijainua kichwa.

Mama Mapacha: Mbona nasikia upepo?

Fundi Friji: Feni hiyo.

Mama Mapacha: Na nani huyo analia kama mwewe?

Fundi Friji: Mlango. Mteja hajautia mafuta siku nyingi.

Mama Mapacha: Haya. Baba Mapacha, ile ndege yako ulisema umemuuzia nani vile?

Fundi Friji: Ndege ipi?

Mama Mapacha: Ile ya rimoti, isiyo na injini. Iliyolala kwenye meza yangu miezi miwili, sisi tunakula sahani magotini. Ile uliyoibandika plastiki kwa pasi yangu, mashati ya shule ya watoto yakatoka na mabaka ya bluu.

Fundi Friji: Aa, hiyo. Si nilikwambia, kuna mwalimu mmoja alinunua. Ameshahama nayo.

Mama Mapacha: Amehama nayo.

Fundi Friji: Mbali kabisa.

Mama Mapacha: Basi imemtoroka. Saa nane nimepigiwa simu na mama anayefua mashuka ya hospitali. Ananiambia, "Mama, ndege yako imetua kwenye kamba yangu ya nguo." Nikamwambia mimi ni mshonaji, ndege nitoe wapi. Akasema namba yangu iko chini ya bawa, na pembeni pameandikwa, "Ukiiokota piga hapa, atapokea."

Fundi Friji: Haloo? Krrr. Haloo, mtandao— krrr—

Mama Mapacha: Mtandao uko sawa. Unakwaruza kwa mdomo.

Fundi Friji: Basi. Nimepatikana.

Mama Mapacha: Sema.

Fundi Friji: Niko kilimani, na klabu yetu ya ndege. Toka saa tatu. Hakuna friji, hakuna mteja, hakuna mwalimu.

Mama Mapacha: Unajua begi langu liko mlangoni hapa? Nimelifunga jana. Kesho tulikuwa tunarudi nyumbani, kwa sababu mtu aliniapia ameuza ndege na klabu ameiacha.

Fundi Friji: Mbona unasema "tulikuwa"?

Mama Mapacha: Jibu wewe kwanza. Hospitali iko ng'ambo ya kilima. Ndege imefikaje kule?

Fundi Friji: Ukicheka nakata simu.

Mama Mapacha: Nina sura ya kucheka mimi?

Fundi Friji: Sikiliza. Ndege zetu hazina injini, zinapandishwa na hewa ya joto tu. Sasa hewa huioni. Anayeijua ni mwewe. Ukimwona anazunguka juu bila kupiga bawa, unapeleka ndege yako hapo hapo, inapanda naye. Nikapeleka. Wakawa wawili, wanazunguka juu kule, wadogo kama punje za mchele. Nikapiga chafya.

Mama Mapacha: Chafya.

Fundi Friji: Moja tu. Nikafuta macho, nikainua kichwa, nikaendelea kuendesha. Nasukuma kushoto, inakwenda kushoto. Kulia, inakwenda kulia. Nikamwita Mwenyekiti wetu, yule daktari wa meno mstaafu, nikamwambia, mzee, njoo uone chombo kinavyonitii. Wakaja wote saba. Nikawapa somo. Robo saa nzima nawafundisha watu wazima kukata kona.

Mama Mapacha: Halafu?

Fundi Friji: Halafu ndege yangu ikakunja mabawa, ikashuka, ikakamata panya.

Mama Mapacha: [kikohozi]

Fundi Friji: Mama Mapacha?

Mama Mapacha: Nipo.

Fundi Friji: Unacheka.

Mama Mapacha: Nakohoa. Ulikuwa unamwendesha mwewe.

Fundi Friji: Kwa rimoti. Mwenyekiti akaniuliza, "Fundi, huyu betri yake unaichomeka wapi?" Nikatoka mbio kuitafuta yangu, nikajikwaa, ndiyo kioo hiki. Na desturi yetu, mmoja akipoteza ndege, haondoki mtu mpaka ipatikane. Kwa hiyo watu saba wako vichakani kwa ajili yangu, masaa matatu sasa, wananitania kwa kulia kama mwewe.

Mama Mapacha: Ndio mlango wako huo.

Fundi Friji: Ndio mlango. Sasa niambie ukweli, imevunjika?

Mama Mapacha: Yule mama anasema ilishuka taratibu, ikalala katikati ya mashuka kama mgonjwa aliyepewa kitanda.

Fundi Friji: Na mimi kila nikitua navunja kitu. Kumbe dawa ni kuiachia.

Mama Mapacha: Kuna vitu vinakwenda vizuri usipokuwepo.

Fundi Friji: Na nyinyi? Mnaendeleaje bila mimi?

Mama Mapacha: Kwa nini uliniongopea?

Fundi Friji: Haikuanza kama uongo. Mwalimu yupo kweli, alikuja mpaka nyumbani. Akaipenda. Akasema, "Nifutie tu hii namba ya simu, ni ya nani?" Nikasema ya mke wangu. Nikachukua kitambaa na spiriti, nikakaa. Mwalimu akanywa chai akamaliza, akatazama saa, akaaga. Mimi bado nimekaa na kitambaa.

Mama Mapacha: [mtandao unakwaruza] —sikusikia, rudia.

Fundi Friji: Hivi sasa nani anakwaruza?

Mama Mapacha: Ni mtandao. Rudia.

Fundi Friji: Nimesema nilishindwa kuifuta. Nilipoiandika nilijiuliza, siku ikipotea, nani atapokea simu? Mimi simu yangu kila siku haina chaji. Nani anapokea kila mara? Ni wewe. Basi nikaona nikiifuta, nitakuwa nimewafuta nyinyi. Nyumba yenyewe imepoa. Usiku nasikia kama friji linaunguruma, kumbe mwenyewe nilishalitengeneza, halina sauti. Nimewakumbuka, mama watoto.

Mama Mapacha: Ungesema hivyo, badala ya kumhamisha mwalimu wa watu.

Fundi Friji: Ningeanzaje? Mwanaume mzima, nimeshindwa na wino. Lakini ukitaka naifuta. Nielekeze kwa huyo mfuaji, niichukue, nimpelekee mwalimu leo leo.

Mama Mapacha: Huikuti kule. Nilishaifuata.

Fundi Friji: Wewe? Kwa nini?

Mama Mapacha: Kwani namba ni ya nani?

Fundi Friji: Iko wapi sasa?

Mama Mapacha: Mezani kwa dada. Watoto wanakula sahani magotini. Dada amenuna, anasema leo kaelewa kwa nini nilihama.

Fundi Friji: Mama Mapacha, kweli mimi—

Mama Mapacha: Sijamaliza. Plastiki ya bawa la kulia imebanduka, imenasa kwenye kibanio cha nguo. Watoto wanataka irudishwe wakiona. Pasi ya dada huigusi. Njoo na pasi, mpya, yangu, uliyoniahidi.

Fundi Friji: Nije sasa hivi?

Mama Mapacha: Wanalala saa mbili, sasa saa kumi na moja. Rubani anajua kupiga hesabu.

Fundi Friji: Na kesho? Begi je?

Mama Mapacha: Begi lina miguu? Litabebwa na mtu. Waite wenzako watoke vichakani, na—

Fundi Friji: Chaji inakwisha, sikiliza haraka. Pasi ninayo. Nilinunua siku ile ile mlipoondoka, iko kwenye boksi lake, hapa kwenye mkoba.

Mama Mapacha: Siku ile ile? Umekwenda nayo kilimani? Baba Mapacha, hiyo pasi hujaitumia?

Fundi Friji: Mara moja tu, kwenye mkia, ulikuwa umelegea kidogo. Haloo? Mama Mapacha? Haloo? Imezima. Afadhali, hakusikia. Hapana, nitamwambia mwenyewe nikifika. Mwenyekiti! Mzee, tokeni huko, imepatikana. Nani ana kitambaa na spiriti? Pasi hii ina mabaka ya bluu.